Bunduki Mbili na Kisu cha Babu Yako

Tezo, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, sijui wewe. Mimi nitaanza kinyume. Wewe ni mzima, nimekuona asubuhi ukila mahamri sita na la saba ukalificha kwenye kanga ukidhani sioni. Mimi ndiye sijui.

Umekwenda Malindi kumuaga shangazi yako na magharibi utakuwa umerudi. Nimekaa ukumbini kwenye mkeka, daftari lako la shule liko gotini, na kalamu inaniteleza kwa jasho. Unajua kuandika kwangu. Shule nilitoka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Ukikuta neno limekaa upande, liweke sawa mwenyewe usome mbele. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako la mkononi, chini ya kanga, uikute ukishavuka mpaka. Sitaki uisome mbele yangu. Utanitazama, nami nitalia, na nimeapa kesho silii.

Mambo ya dawa ya malaria, viatu vya kufunika mguu, simu kila Ijumaa, nimekwambia mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata jirani kasikia." Siyarudii. Chandarua kiko mfuko wa pembeni.

Naandika kwa sababu jana uliniuliza swali nikakujibu vibaya.

Ulikuja jikoni na simu yako, ukanionyesha picha uliyoletewa na tajiri wako wa ile kambi ya uwindaji huko Tanzania. Bunduki nne zimelazwa juu ya turubai kama samaki wanaongoja mnunuzi. Ukasema, "Mama, msimu unafunguliwa wiki ijayo. Kwenye kibali changu zitaandikwa mbili tu, na nikishachagua ndizo hizo mpaka msimu uishe. Nyama ya paa na swala ya wafanyakazi ni juu yangu. Ungekuwa wewe, ungechukua zipi?"

Nikakwambia, "Mimi najua nini habari za bunduki? Muulize mjomba wako." Nikaendelea kukuna nazi.

Ulikuwa uongo, mwanangu. Uongo mtupu, na nazi ile niliikuna mpaka nikajikuna kidole.

Mjomba wako Shee ulimuuliza, nilimsikia. Alikwambia, "Chukua ile kubwa kuliko zote, watu wakuheshimu." Kisha kabla hata hajameza mate akasema mtoto wa kike wa Kiislamu haendi porini kubeba silaha, na kwamba yeye kama mjomba hakubali. Sasa mtu asiyetaka uende, kwa nini akuchagulie bunduki? Nilitaka kumuuliza hivyo. Nikanyamaza. Kunyamaza nimenyamaza sana katika maisha haya, na leo nimechoka nako.

Nitakujibu. Ila jibu langu halianzi kwenye zile bunduki nne. Linaanza kwa paa mmoja aliyekufa mikononi mwangu.

Babu yako Lali, baba yangu mimi, alikuwa na kibali cha kuwinda, wakati ule serikali yetu haijapiga marufuku. Bunduki yake ilikuwa moja, ya risasi, kitako kimefungwa waya wa shaba pale kilipopasuka. Kila msimu aliandikiwa wanyama wachache, na hakuongeza hata mmoja. Wa kumbebea mfuko wa risasi alikuwa awe Shee, maana ndiye kaka yangu mkubwa. Basi siku ya kwanza walipotoka, mlio ulipolia, Shee alitupa mfuko akatimua mbio mpaka nyumbani. Mama alimkuta uvunguni mwa kitanda, kajifunika jamvi. Siku zote nimemsitiri. Leo nakwambia kwa sababu utakutana na wengi watakaokwambia bunduki si kitu cha mwanamke. Waulize wao walikuwa wapi mlio ulipolia.

Nikachukuliwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi.

Ulipokuwa ukinisimulia mliyofundishwa chuoni, namna ya kupima upepo kwa majivu, namna ya kukanyaga majani makavu kwa ukingo wa mguu, nilikuwa nikiitikia "ehee, ehee" kama mtu anayesikia mambo mapya. Nilikuwa nayajua yote. Mimi nilifundishwa kufungua mdomo mlio ukikaribia, masikio yasiume. Mpaka leo radi ikipiga nafungua mdomo. Ulikuwa ukinicheka ukidhani ni uoga.

Msimu ule wa mwisho, na hatukujua kwamba ni wa mwisho, tulikuwa na hitima ya bibi, mama yake babu yako. Watu wamealikwa, mchele umenunuliwa, nyama ikasemwa Lali ataleta. Tukaondoka alfajiri. Jua halijakuwa kali tukawaona paa wawili wamesimama kwa kufuatana, mmoja nyuma ya mwenzake. Baba akataja jina la Mungu akapiga. Risasi ikampenya wa mbele ikampata na wa nyuma. Wa mbele akaanguka palepale, mguu unarusha mchanga. Wa nyuma akaingia vichakani anachechemea.

Baba alikuwa na visu viwili kiunoni, akachomoa kimoja akanipa.

"Huyu yu hai," akasema. "Mchinje. Mimi namfuata yule, siwezi kumwacha atembee na maumivu yangu."

Akatokomea. Na unajua sisi kwetu ilivyo, risasi haichinji. Kinachochinja ni kisu, mnyama angali na roho. Akitoka roho kabla ya kisu, huyo ni kibudu, hata angekuwa amenona vipi.

Nilikuwa na kisu. Nilikuwa na paa. Mikono yangu ilikuwa na nguvu, maana nilishazoea kumshikia baba wanyama wakichinjwa. Kilichonizuia ni kitu kimoja tu. Shangazi yangu alikuwa amenifundisha, kama alivyofundishwa yeye, kwamba mwanamke akichinja hakiliwi. Wewe unajua, umekulia humo. Umewaona wanawake wazima, mama wa watoto wanane, wamesimama mlangoni na kuku mkononi na kisu mkono wa pili, wanangoja mwanamume yeyote apite, hata awe kijana ambaye wao wenyewe walimtahirisha juzi.

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nikamwacha paa nikakimbilia njiani kutafuta mwanamume.

Wa kwanza niliyekutana naye alikuwa mzee Kazungu, mgema, kibuyu chake begani.

"Baba Kazungu, njoo utuchinjie!"

Akacheka. "Mimi nichinje, mwanangu? Nikichinja mimi hamli."

"Basi nitafutie Muislamu!"

"Kwani wewe ni nani?" akaniuliza. "Si Muislamu wewe?"

"Mimi mwanamke."

Akanitazama, akakitazama kisu mkononi mwangu. Akatikisa kichwa. "Haya, ngoja niite." Akaita huku na huku. Hakuna aliyeitika. Tuliporudi kwa paa, nzi walikuwa wameshafika kabla yetu.

Baba alitokea na yule wa pili begani, keshamchinja. Akamtua chini. Akamgusa paa wangu shingoni, akaona hapana alama. Nikaanza kulia. Nilitaka anipige, wallahi, lingekuwa limekwisha. Hakunipiga. Aliuliza taratibu tu:

"Nani aliyekwambia mkono wako haufai?"

"Shangazi."

Akakaa chini mchangani. Kisha akamwambia mzee Kazungu, "Mchukue, ni wako."

Mzee Kazungu alimbeba yule paa kama bwana harusi aliyebeba mahari. Kabla hajapotea njiani akageuka akasema, "Lali, Mungu awazidishie masharti yenu! Sisi tutazidi kushiba." Baba akacheka kidogo. Mimi sikuona cha kucheka.

Siku ya hitima nyama haikutosha. Walioketi mwisho walipata wali na mchuzi wa harufu. Nikamsikia mtu na masikio yangu akisema Lali amekuwa bahili hata kwa mama yake aliyekufa. Baba alisikia pia. Angeweza kusema ni binti yangu. Hakusema. Alikuwa akizungusha maji ya kunawa, akaendelea kuzungusha.

Haikupita muda mrefu uwindaji ukapigwa marufuku, akaipeleka bunduki serikalini, na hakuenda porini tena. Kwa hiyo ndivyo msimu wake wa mwisho ulivyokwisha, mwanangu. Nilimharibia mimi, kwa utiifu.

Sasa turudi kwenye turubai la tajiri wako.

Ile ya mitutu miwili, ya marisau, zile risasi za chembechembe, iache. Najua ni nyepesi na inavutia macho. Ni ya ndege ile, ya kanga na kwale. Ukimpigia paa, marisau yanatawanyika, moja mguuni, moja tumboni, naye anakwenda nayo siku mbili ndipo afe mahali usipopajua. Baba alikuwa akisema marisau ni umbea: yanamgusa kila mtu na hayamalizi jambo.

Ile yenye darubini juu, nayo iache. Hapo najua utabisha, maana chuoni ulipiga shabaha nayo wakakupigia makofi. Sikatai. Darubini inaleta mnyama karibu na jicho, haimleti karibu na mkono. Utampiga kutoka mbali kama kutoka hapa mpaka barabara ya lami, na mpaka ushuke, uvuke bonde, umtafute, ameshakata roho peke yake. Wageni wa tajiri wako watakuwa na darubini zao, wao wanataka pembe za kutundika ukutani. Wewe umeambiwa nyama ya kula watu, na katika watu hao wako Waislamu. Watakutazama mkono.

Chukua ile ndogo. Ile iliyo pembeni, kitako kimekwaruzika, ambayo mjomba wako aliipita kwa kidole kana kwamba ni mwiko wa jikoni. Haina darubini, kwa hiyo itakulazimisha umsogelee mnyama. Itakutia subira. Utatambaa, utaumwa na siafu, na mara nyingi utarudi mikono mitupu, na watakucheka. Wacheke. Siku utakayopiga utakuwa karibu, na utamkuta yu hai.

Ya pili chukua ile kubwa ya nyati.

Naam, ileile aliyoitaja Shee. Usimwambie. Yeye alisema uichukue watu wakuheshimu. Mimi nasema uichukue kwa sababu kuna wanyama huko ambao hawajui kama una mama. Tangu uliponiambia habari za nyati aliyejeruhiwa, jinsi anavyozunguka akamngoja mtu kwenye njia aliyopita, mimi sina usingizi mzuri. Iache ilale mabegani mwa mwenzako kama ni nzito, lakini iwe karibu. Paa usimpige nayo, utakuta ngozi na aibu tu. Hiyo ndogo ni yako wewe. Hiyo kubwa ni yangu mimi, ya kunilaza usiku.

Hilo ndilo jibu. Jana lingenichukua muda wa kukuna nazi moja. Lakini kama ningejibu ungeniuliza, "Mama, umejuaje?" na ningelazimika kufika kwenye paa, na nikifika kwenye paa ningefika kwa mbuzi.

Unamkumbuka mbuzi. Najua unamkumbuka kwa sababu hujapata kumtaja hata siku moja.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa safarini Mombasa. Yule mbuzi mweupe alinyongwa na kamba yake mwenyewe pale kwenye ua, tukamkuta ulimi nje, anakoroma. Nikachukua kisu cha jikoni nikakimbilia wapi? Barabarani. Umri wote ule, watoto wanne, na bado nilikimbilia barabarani. Nikamsimamisha yule kijana wa bodaboda.

"Wewe Muislamu?"

"Mimi Mkristo, mama. Kwani vipi?"

"Basi pita!"

"Mama, sasa umenisimamisha uniulize dini?"

Watu walicheka habari hiyo mwezi mzima. Nami nilicheka nao. Ila hawakujua yaliyokuwa uani. Uani ulikuwa umepiga magoti, umemshika mbuzi kichwa, umemwelekeza kibla kama ulivyomwona baba yako akifanya, na uliponiona narudi peke yangu uliniambia, "Mama, nipe kisu."

Nikasema haifai.

Ukanyoosha mkono ukautazama, huku na huku, kama mtu anayetafuta uchafu. Ukaniuliza, "Mama, mkono wangu una nini?"

Nikakuzaba kofi.

Mbuzi akafa kati yetu.

Rukia, sikukupiga kwa sababu ulikosa adabu. Nilikupiga kwa sababu swali lile nililijua. Baba yangu aliniuliza lilelile kwa maneno mengine, na miaka yote ile sikuwa nimepata jibu, na sasa linatoka kinywani mwa mtoto wangu. Mtu akipigwa pale panapouma hurusha mkono bila kutazama aliye mbele yake. Nisamehe. Nimekupikia, nimekushonea, nimekuombea, lakini neno hilo sijapata kukwambia. Nisamehe lile kofi.

Na kuna kibaya zaidi. Baadaye, ulipokuwa bado sekondari, nilimuuliza maalim wa madrasa, kwa pembeni, kana kwamba namuulizia mtu mwingine. Akashangaa. "Nani aliyewaambia haifai? Akiwa Muislamu na ametaja jina la Mungu, kachinja. Mwanamume, mwanamke, sawa." Akaendelea na safari yake. Nilisimama pale njiani kama mtu aliyeambiwa mlango aliokuwa akiusukuma maisha yake yote ulikuwa wa kuvuta. Nikarudi nyumbani. Na wiki iliyofuata nikasimama tena mlangoni na kuku wangu, nangoja mwanamume apite. Nilijua, na nikangoja. Kujua ni jambo moja, kushika kisu mbele ya majirani ni jambo lingine.

Ulipoleta karatasi ya chuo cha wanyamapori nililia siku tatu nikakwambia ni furaha. Haikuwa furaha. Nilikuwa naogopa, na ndani ya uoga mlikuwa na kijicho kidogo, Mungu anisamehe, cha mtoto wa miaka kumi aliyebeba mfuko wa risasi.

Ngoja, kuna mtu anapiga hodi. Ni mjomba wako, namjua kwa kikohozi.

*

Nimerudi. Usiogope, hapana aliyekufa, isipokuwa jogoo.

Nakuandikia kama yalivyokuwa.

Shee alikuja kuniambia neno la mwisho. Hakukaa, alisimama na bakora yake pale kwenye kizingiti.

"Zena, nimefikiri. Huyu mtoto haendi."

"Karibu kaka, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Haendi."

"Kesho saa kumi na mbili za asubuhi anakwenda," nikamwambia. "Nilitaka hata nikutafute. Nina yule jogoo mwekundu, nataka nimpikie mwanangu chakula cha kumuaga. Nichinjie."

Akanitazama. Nikaona jambo linamjia usoni, na likampendeza.

"Simchinji," akasema. "Jogoo wa safari ile mimi simchinji. Na nitawaambia na wanaume wa hapa jirani, asichinje hata mmoja. Tuone utamuaga na nini. Mpikie mchicha."

Hapo, mwanangu, nikaelewa kitu. Miaka yote hii nilidhani wanaume wakituchinjia kuku wanatusaidia kazi. Kumbe kila kuku niliyempeleka mlangoni nilikuwa napeleka na ruhusa yangu, wanishikie.

Nikaingia chumbani, nikafungua kasha, chini kabisa, chini ya sanda niliyojiwekea, nikatoa kisu cha babu yako. Hujapata kukiona. Alipokuwa mgonjwa ugonjwa wa mwisho alituita, Shee akampa shamba la minazi, mimi akanipa kisu. Hakusema neno. Nilikichukua kama mtu aliyekabidhiwa kosa lake alihifadhi, nikakificha. Nilidhani ananiambia, hiki ndicho ulichoshindwa. Leo nilipokishika ndipo nilipofikiri kwamba labda alikuwa akiniambia, hiki bado ni chako.

Nikatoka uani nikamshika jogoo. Shee akanifuata.

"Unafanya nini?"

"Namwelekeza kibla. Sogea, unanizibia."

"Zena! Watu watasema nini?"

"Watasema Zena kachinja jogoo. Ni kweli, waseme."

"Mimi sitaonja."

"Wewe hukualikwa."

Nikakanyaga mbawa kwa mguu mmoja kama tunavyowaona wakifanya, nikataja jina la Mungu kwa sauti mpaka mama Sidi wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua wa makuti. Nikachinja. Kisu ni kikali bado, mwanangu. Sijui kimekaaje kikali miaka yote hiyo. Ilikuwa mara moja, kwenda na kurudi, na damu ikatoka inavyotakiwa itoke. Mbingu hazikuanguka. Mama Sidi akasema, "Haya makubwa!" kisha akaniuliza kama nitahitaji maji ya moto ya kunyonyoa, ana sufuria jikoni.

Shee alikuwa ameshika bakora kwa mikono miwili. Alitazama damu, akatazama kisu. Alikitambua. Uso wake ulikuwa wa yule mtoto wa uvunguni, na nikamhurumia, maana hata yeye alipewa kitu asichokiweza akalazimishwa kujifanya anakiweza mpaka akazeeka. Nikakaribia kumwambia kaka, kaa ule.

Sikumwambia. Huruma yangu wamekula vya kutosha.

Akaenda. Alipofika njiani akageuka akaniita.

"Ulitaja jina la Mungu?"

"Nilitaja. Hukusikia? Tezo yote imesikia."

Akaenda zake, na bakora hakuigonga chini kama anavyoigonga siku zote.

Kesho asubuhi akija, atanikuta mlangoni. Mlango ni wangu, komeo liko ndani, na wewe utapita.

Jogoo yuko jikoni anachemka na tangawizi. Ukirudi nitakupakulia paja, na utaniuliza, kama wanavyouliza watoto wote wa nyumba hii, "Mama, nani kachinja?" Nitakwambia, "Kula, ushaanza maswali." Nataka ule kwanza kama chakula, bila hotuba. Kwa hiyo unaposoma hapa, uko ndani ya basi huko ng'ambo ya mpaka, na umeshamla, na umeshalala na kuamka, na nadhani tumbo lako halijambo.

Kisu nimekifunga kwa kitambaa nikakitia ndani ya kiatu chako cha porini, begi la kwenye buti la basi, si la mkononi, wasije wakakusumbua mpakani. Kisafishe kwa mchanga na maji, usitumie sabuni ya harufu. Bunduki ni za tajiri wako, zitarudi stoo msimu ukiisha. Hiki ni chako.

Nakuomba jambo moja, halafu naweka kalamu maana wali unataka kupaliwa makaa. Siku utakayompiga paa wako wa kwanza na ile bunduki ndogo, usigeuke nyuma kutazama nani anakuja. Hata wakiwepo wanaume kumi wamesimama pale na visu vyao. Ukishamuumiza, ni wako, na ana haki ya kutongojeshwa. Piga magoti, taja jina la Mungu kwa sauti, maliza. Kisha ukipata mtandao nipigie, saa yoyote, hata kama si Ijumaa. Usinipe hadithi ndefu. Niambie tu, "Mama, nimechinja," nami nitakuwa nimefahamu yote.

Na lile swali la uani, ambalo nilikujibu kwa kofi, jibu lake ni hili. Nimechelewa nalo miaka kumi na miwili.

Mkono wako hauna kitu, mwanangu. Ulikuwa safi siku ile, na wangu pia.

Mama yako,
Zena